MREJESHO: Mama ameshuka Isimila

Wadau, niliuliza hapa kama mama yangu anayesumbuliwa na magoti anaweza kushuka korongo la Isimila, Iringa. Ameshuka! Asanteni mno. Mliosema tuwahi asubuhi kabla ya jua kali, na aliyesisitiza fimbo na viatu vyenye soli ya meno, Mungu awabariki. Ule mteremko una changarawe zinazoteleza kweli. Kule chini mama alisimama muda mrefu kati ya zile nguzo ndefu za asili za mwamba wa mchanga, shingo juu, akimuuliza mwongoza wageni maji ya mvua yamezichongaje. Pimbi nao tuliwaona wakiota jua mwambani. Gangilonga, ule mwamba mkubwa wa Iringa mjini, ndiyo ilishindikana: kupanda tena siku hiyohiyo, magoti yalikataa. Wenye wazazi wazee, itengeeni siku yake.