Hali ya hewa SI tabianchi! Nani anawaandikia walimu hii miongozo?

Wakuu, naomba mnivumilie, leo sina salamu ndefu.

Binti yangu karudi na karatasi ya mtihani. Swali: eleza maana ya tabianchi. Kaandika ni wastani wa hali ya hewa ya eneo kwa miaka mingi, kwa kawaida 30. Kapigwa kosa! Pembeni, kwa kalamu nyekundu, jibu "sahihi": ni hali ya hewa ya mahali fulani. Kwa hiyo mvua ya jana jioni nayo ni tabianchi?

Hiyo 30 hakuiokota njiani. Ndicho kipimo cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kwa sababu mwaka mmoja wa ukame hautoshi kusema mahali pamebadilika. Na neno lenyewe linajieleza: TABIA. Mtu akifoka leo tu, utasema ana tabia ya kufoka? Lakini watangazaji nao kila siku "mabadiliko ya hali ya hewa", "mabadiliko ya hali ya hewa". Hali ya hewa inabadilika hata kabla hujaanua nguo! Ndiyo maana ikipiga baridi asubuhi moja, mtu anakuuliza kwa kejeli, "Si mlisema dunia inapata joto?"

Swali la pili ndilo lililonipandisha presha. Chanzo cha ongezeko la joto duniani? Mwongozo unataka "tundu kwenye tabaka la ozoni linalopitisha jua kali". Jamani! Ozoni ni gesi, na ile ya huko juu inachuja mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi. Iliharibiwa na kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia, zile klorofluorokaboni, mataifa yakakubaliana kuzidhibiti kwa Mkataba wa Montreal mwaka 1987, na sasa tabaka linapona taratibu. Joto linapandishwa hasa na gesijoto zinazozuia joto la ardhi lisitoroke kwenda angani. Kabonidioksidi, mojawapo ya gesi hizo, kabla ya enzi za viwanda ilikuwa kama sehemu 280 kwa kila milioni ya hewa. Leo imepita 420, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi na kufyeka misitu. Mtoto aliyekaririshwa tundu atajua saa ngapi kwamba shida iko kwenye moshi?

Halafu hizo gesijoto wanaziita "gesi za sumu". Bila hizo wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya kama 15 juu yake. Shida ni kuzidi kwake. (Inayoua watu waliojifungia ndani na jiko la mkaa ni kaboni monoksidi, msizichanganye.)

Na ile "plastiki huoza polepole" ya mwongozo huo huo sitaigusa sana. Kuoza ni kazi ya vijidudu. Plastiki nyingi humegeka tu, vipande vinazidi kuwa vidogo hadi huvioni, lakini vipo.

Nimemfuata mwalimu, kwa adabu zote. "Mzazi, mimi nasahihisha kwa mwongozo." Mwongozo kauandika nani? "Ulikuja hivyo hivyo." Nikaomba niuone. Nirudi Jumatatu.

Walimu mliomo humu, na ninyi mmeletewa huo huo? Tupieni picha ya ukurasa wa tabianchi, Jumatatu nisiende mikono mitupu.