Mafundi wa matangi, mtatuuzia unene wa kuta kama maji hadi lini?

Jameni, hii tabia imezidi. Kisumu ni hivyo, Nakuru ni hivyo: fundi anapitisha tepu nje ya tangi la mawe, anapata mita 3 kwa 2 kwa 1.8, anazidisha, kisha anaandika kwenye kwotesheni "lita 10,800". Kwani mawe hunywewa?

Tuhesabu hapa hapa. Jiwe la inchi 6 ni kama sentimita 15, plasta ya ndani 2.5. Ukuta mmoja umekula 17.5, na kuta ziko mbili kwa urefu na mbili kwa upana, kwa hivyo kila kipimo unatoa 35, si 17.5 (wengi huteleza hapa, wanatoa ukuta mmoja na kuusahau mwenzake). Ndani inabaki mita 2.65 kwa 1.65. Sasa kimo: sakafu ya zege sentimita 15, slabu ya juu 10, zimebaki 155. Bomba la ovaflo, la kumwaga maji yaliyozidi, liko sentimita 15 chini ya slabu, maji hayapandi zaidi ya hapo. Kina ni 140.

265 × 165 × 140 ni sentimita za ujazo 6,121,500. Gawanya kwa 1,000: lita 6,121. Na bomba la kutolea limewekwa sentimita 10 juu ya sakafu ili tope lisiingie mferejini, kwa hivyo lita 437 za chini hazitoki. Maji ya kutumia ni lita 5,684, mitungi 284 ya lita 20. Ile 10,800 iko wapi?

Anayeumia ni mwenye ploti. Anaita bauza (lori la maji) la lita 10,000 akiamini karatasi, tangi likiwa tupu kabisa linajaa kwa 6,121, na lita 3,879 zilizobaki zinamwagika uani au zinarudi na dereva. Zote zimelipiwa.

Mkitaka lita 10,000 za kweli kwa upana na kimo hicho hicho, urefu wa nje uwe mita 5. Ndani ni 4.65 × 1.65 × 1.30 (kina cha 140 ukitoa zile 10 za chini zisizotoka), lita 9,974. Msikimbilie kuinua kuta: kila mita ya kina inaongeza tani moja ya msukumo kwa kila mita mraba kule chini, na jiwe la inchi 6 lisilo na nondo linaweza kupasuka.

Halafu kuna wale wa kuchanganya vipimo. 2.65 × 1.65 × 130 inakupa 568, lakini 568 ya nini? Si lita, si chochote. Geuza vyote viwe sentimita kabla ya kuzidisha. Na mita moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 1,000,000, si 100, kwa sababu ni 100 × 100 × 100.

NYONGEZA: Kuna aliyeniuliza kuhusu futi. Tangi la futi 10 × 6 × 5 kwa ndani ni futi za ujazo 300. Fundi wa "futi tatu ni mita" anagawanya kwa 27 (3 × 3 × 3), anapata mita za ujazo 11.111, yaani lita 11,111. Mita ni futi 3.28, kwa hivyo kigawanyo ni 35.3 (3.28 × 3.28 × 3.28), na jibu ni kama lita 8,500. Hiyo 0.28 mnayoidharau imewapa lita 2,600 za hewa.