Aliyezungukwa na kuta yuko ndani au nje? Kumsoma Cavafy kupitia Kiingereza

Mwalimu wa Nyakato

Ndugu wasomaji, naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenishinda kwa wiki mbili sasa. Kila Jumamosi jioni mimi na wanafunzi wanane wa kidato cha sita tunakutana kusoma ushairi ambao haumo katika mtihani, na mwezi huu tunamsoma Konstantinos Cavafy, mshairi wa Kigiriki aliyezaliwa Aleksandria, Misri, mwaka 1863 na kufariki katika jiji hilohilo mwaka 1933. Hakuna kati yetu anayejua Kigiriki, kwa hiyo tunamsoma kwa Kiingereza, katika tafsiri mbili nilizozitolea nakala na kuzipanga ubavu kwa ubavu katika karatasi moja.

Niliwavutia wanafunzi kwake kwa jambo dogo. Cavafy alikuwa karani wa ofisi ya umwagiliaji ya serikali ya Misri kwa takriban miaka thelathini, hadi mwaka 1922. Ofisi hiyo ilishughulikia maji ya Mto Nile, na sehemu ya maji hayo hutoka katika Ziwa Victoria, ziwa hili tunaloliona kila tunapoteremka Kirumba, hapa Mwanza. Walipolisikia hilo walianza kumsoma kama jirani wa mbali.

Shairi lililotukwamisha ni «Kuta», la mwaka 1896, lenye mistari minane tu. Msemaji analalamika kwamba kuna watu wamemzungushia kuta ndefu bila huruma wala haya. Amekaa, amekata tamaa, ilhali alikuwa na mambo mengi ya kufanya nje. Anashangaa ilikuwaje asione kuta zikijengwa, maana hakusikia kishindo cha waashi hata mara moja. Katika mstari wa mwisho tafsiri zetu mbili zinaachana. Ya kwanza inasema wamemtenga na ulimwengu ulio nje, na ya pili inasema wamemfungia nje ya ulimwengu. Binti mmoja aliweka kidole kwenye karatasi akauliza: «Mwalimu, kama kuta zimemzunguka, yuko ndani. Amefungiwaje nje?» Nikakosa jibu. Akaongeza swali la pili, kwamba hao waliojenga ni akina nani, mbona shairi linawataja kama watu tunaowafahamu.

Ninauliza basi: mshairi mwenyewe alisema nini hasa? Na je, ni halali sisi kulitia shairi hili katika Kiswahili ilhali tunalijua kupitia Kiingereza peke yake?

Mwanakwaya wa Igoma

Ndugu Mwalimu, nimelelewa katika Kanisa la Kiorthodoksi, na jimbo letu la Mwanza liko chini ya Patriaki wa Aleksandria, jiji lilelile la mshairi wako. Kigiriki changu ni cha kuimba na kusoma ibada, si cha kuzungumza sokoni, lakini matamshi tunayofundishwa kanisani ndiyo ya Wagiriki wa leo, na kwa shairi hili matamshi ni jambo kubwa. Ninalo kwa Kigiriki na nimelisoma kwa sauti mara nyingi.

Mstari wa mwisho unaishia hivi: «m' ekleisan apo ton kosmon exo». Neno «exo» ni «nje», nalo limewekwa mwishoni kabisa, baada ya neno la ulimwengu. Mimi ninausoma kuwa wamenifungia nje ya ulimwengu. Neno hilohilo «exo» limekwisha kutumika katika mstari wa tano, pale anaposema alikuwa na mambo mengi ya kufanya nje. Mwambie binti huyo kwamba ameona sawasawa na asiogope utata wake, kwa kuwa mtu huyu yuko ndani ya kuta na wakati huohuo yuko nje ya ulimwengu, na mshairi hakutaka kutupunguzia uchungu wa kuyabeba yote mawili.

Kuna jambo jingine ambalo Kiingereza hakiwezi kuwaonyesha. Katika Kigiriki cha leo herufi na jozi kadhaa za herufi, ambazo zamani zilikuwa na sauti mbalimbali, zote hutamkwa «i». Kwa hiyo neno la kuta, linaloumaliza mstari wa pili, na neno la bahati au majaliwa, linaloumaliza mstari wa nne, huandikwa tofauti lakini sikioni yote mawili ni «tihi». Neno la haya katika mstari wa kwanza na neno la hapa katika mstari wa tatu yote ni «edho». Hivi si vina vya kawaida vinavyolingana silabi ya mwisho tu. Ni maneno mazima yenye sauti moja na maana mbili. Anayesikiliza anasikia kuta, kisha anasikia tena sauti ileile na kumbe sasa ni majaliwa. Kwa sikio, kilichomzunguka na kilichompata ni kitu kimoja.

Lugha yenyewe pia imechanganywa. Cavafy aliandika wakati Wagiriki walikuwa na lugha rasmi ya kimaandishi iliyoiga ya kale, na lugha ya watu ya kila siku. Katika «Kuta» maneno kadhaa yana «n» ya mwisho ambayo mtu wa mtaani hakuitamka. Ni kama wewe usome shairi la Kiswahili sanifu, ghafla ukute «ndia» badala ya «njia» na uhisi Lamu imeingia chumbani. Sijaona Kiingereza kikilipata hilo.

Mzaliwa wa Nansio

Ninamshukuru mwanakwaya, kwa sababu sasa naweza kusema jambo ambalo nisingelijua kwa kusoma Kiingereza peke yake.

Kwanza swali la uhalali. Sisi wa Ukerewe tuna mfano wa nyumbani. Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980. Wengi wetu tumeisoma katika Kiswahili hicho na hatujisikii kwamba tumesoma kivuli. Lakini Kitereza alizimiliki lugha zote mbili, ilhali Mwalimu anataka kuvuka mito miwili kwa mtumbwi wa kuazima. Ninaona inaruhusiwa, ila kwa sharti kwamba mtu anayekisoma Kigiriki akae nawe na kukugusia kila mahali ambapo Kiingereza kimeamua jambo kwa niaba yako.

Tazama swali la binti kuhusu wajenzi. Kiingereza hakiwezi kusema «walijenga» bila kuweka neno zima la «wao» mbele ya kitenzi, na neno hilo linasimama pale kama kundi la watu wenye sura. Nikimfuata mwanakwaya, «m' ekleisan» ni kitenzi kilichombeba mtendaji na kumtanguliza mtendwa. Sisi tunafanya vivyo hivyo: «wamenifungia». Waliotenda wamefichwa katika silabi moja, wanapita kama walivyopita waashi wasiosikika. Hapa Kiswahili kinakaa karibu na Kigiriki kuliko Kiingereza, na anayetafsiri kutoka Kiingereza akiandika «wao wamenifungia» atakuwa ameliharibu shairi kwa kosa ambalo si la Cavafy.

Sasa sikilizeni «tihi» na «tihi» kwa Kiswahili. Tunazo kuta za nyumba, na tuna kitenzi cha kukuta, ambacho ndicho tunachokitumia mtu anapopatwa na jambo: mkasa uliomkuta, yaliyonikuta. Nimeandika hivi:

*Bila kufikiri, bila huruma, bila haya,*
*wamenizungushia pande zote, kubwa na ndefu, kuta.*
*Na sasa nimekaa, nimekata tamaa, ndani ya mawe haya.*
*Siwazi lingine: yananila akili yaliyonikuta.*

Kuta na yaliyonikuta. Haya ya soni na haya ya kuonyesha. Nilipoyaona hayo mawili yakijipanga niliinuka kitini. Angalieni pia «yananila». Kama kitenzi cha Kigiriki ni cha kula tu, basi tusiende kutafuta kuguguna wala kutafuna, maana kwetu pia wazo humla mtu.

Mimi si mtu wa kulazimisha vina. Nimemsoma Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa chetu, tangu shuleni, na ninakumbuka jinsi diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 ilivyozua mabishano kwa sababu ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Nilikuwa upande wake na bado niko. Mashairi mengine ya Cavafy hayana vina, na ningeyatafsiri hivyohivyo. Hili la kuta ni tofauti, kwa kuwa sauti ndiyo inayosema jambo ambalo hakuna sentensi yoyote ya shairi inayolitamka.

Msomaji wa Kirumba

Ninakubali, ila nisingependa wanafunzi waondoke wakidhani kwamba hawajamsoma Cavafy. Mshairi wa Kiingereza W. H. Auden, aliyeandika utangulizi wa tafsiri ya Kiingereza ya Rae Dalven ya mwaka 1961, alikiri kwamba hakujua Kigiriki cha leo na kwamba alimfahamu Cavafy kwa tafsiri za Kiingereza na Kifaransa tu, lakini kwa zaidi ya miaka thelathini Cavafy alikuwa amemwathiri. Alijiuliza ni kitu gani kinachovuka, akajibu kwamba ni sauti ya mtu anayesema, namna yake ya kuutazama ulimwengu, ambayo kila tafsiri aliyoisoma ilimfanya aitambue mara moja. Mimi nilisoma «Ithaki» ya Cavafy kwenye meli ya kwenda Ukerewe, pale anapomwambia msafiri aombe safari iwe ndefu, na sikuhitaji sarufi yoyote ya Kigiriki ili nifunge kitabu na kuyatazama maji hadi Nansio.

Mwanakwaya wa Igoma

Ndugu wa Nansio, «kuta» na «yaliyonikuta» nimeyasoma mara tatu kwa furaha. Hata katika Kigiriki neno hilo la bahati lina ukoo na kitenzi cha kukutana na jambo, kwa hiyo umegusa shina. Mawe yako siyakubali. Cavafy hakuandika mawe. Aliandika «hapa», neno dogo na tupu, na utupu huo unaumiza kuliko jiwe. Ninaogopa kwamba ni Mwanza yetu yenye majabali iliyoingia bila kualikwa.

Mwalimu wa Nyakato

Nimesoma majibu yenu yote mbele ya wanafunzi Jumamosi hii, na mwanakwaya akatusomea Kigiriki kwa simu, mara mbili, polepole. Waliisikia «tihi» ya pili kabla sijawaonyesha.

Tumepiga kura kuhusu mawe na yameondolewa kwa kura sita dhidi ya tatu, yangu ikiwa miongoni mwa zilizoshindwa. Mstari wa tatu sasa unaishia kwa «hapa», na kina cha haya tumekipoteza kwa hiari. «Kuta» na «yaliyonikuta» yamebaki. Mwisho wa shairi tumeuandika hivi:

*Lakini sikusikia waashi kamwe, wala kishindo.*
*Bila mimi kuhisi, wamenifungia nje ya ulimwengu.*

Kulikuwa na ubishi kati ya «walinifungia» na «wamenifungia». Mwanakwaya alitueleza kwamba Kigiriki kinatumia wakati uliopita tu, jambo lililotendeka likaisha. Binti yule aliyeuliza swali la kwanza ndiye aliyetetea «wamenifungia», akisema kwamba anayesema bado amekaa palepale wakati sisi tunamsoma, na hakuna aliyekuja kubomoa.

Wiki ijayo tunaanza «Ithaki». Ndugu wa Nansio, kama utakuwa Mwanza Jumamosi, kiti chako kipo.