AMELAMBA KIDOLE AKAFUTA HERUFI YANGU MBELE ZA WATU. Huyu mtu mtamvumilia mpaka lini??

mtoto_wa_gengi:

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu sijavua, rangi nyeupe bado iko kwenye kucha, naandika mikono inatetemeka. Wasimamizi naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa picha za matembezi. Ule ni wa furaha. Huu ni msiba.

Mtu mwenyewe mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule. Ukisema jana yeye anasema juzi, ukisema behewa anasema hilo siyo behewa, ukipika wali anakufundisha kiasi cha maji. Huyo huyo.

Basi leo kikundi chetu cha humu cha wapenda reli kimekuja kunitembelea kule kwenye reli ya kizamani ninakojitolea kila Jumamosi hapa Uingereza, na mimi usingizi sikupata kama mtoto usiku wa kuamkia Idi, maana nilikuwa na kitu cha kuwaonyesha. Dogfish. Behewa la kumwagia kokoto, magurudumu manne, tani 24, lile lenye jukwaa kule mwisho ambapo mtu anasimama anazungusha magurudumu ya mkono, milango ya chini inafunguka, kokoto zinashuka kwenye mataruma. Miezi mitatu nakwangua kutu. Kutu imeingia puani, masikioni, mke wangu anasema mpaka mashuka yamekuwa rangi ya tofali. Nikapiga rangi ya kuzuia kutu, nikapiga nyeusi mara mbili, halafu wiki hii nikaanza maandishi, meupe, KWA MKONO, siyo stika, nikachora mistari kwa chaki, nikaegemeza mkono kwenye fimbo, kila herufi nabana pumzi kama mzamia lulu. DB halafu namba zake. Na kwa baridi ya huku rangi ya mafuta haikauki leo wala kesho kwa hiyo nikaweka kibao RANGI MBICHI. Kwa Kiingereza na kwa Kiswahili! Kwa ajili yenu!

Huyu mtu akafika. Salamu hakuna. Akalitazama behewa kama afisa forodha anavyotazama begi la mgeni. Akasema "hii D ya nini?" na kabla sijafungua mdomo akalamba kidole gumba, AKALAMBA, akakipeleka kwenye behewa langu, akaifuta ile D. Hivi hivi. Kama mama anavyomfuta mtoto uji shavuni. Halafu kidole chenyewe akakipangusia kwenye KIBAO CHANGU.

Na watu wakacheka. Nimewaona, mmo humu.

Alilamba kidole jamani. Mtu mzima mwenye wajukuu.

Sababu zake sasa. Eti behewa ni la British Railways kwa hiyo B peke yake inatosha, eti nimesahau kuandika ZFV, tena eti mabehewa yote ya matengenezo ni ya njano. Sijui hata nianzie wapi. D ndiyo inayosema hili ni behewa la kazi za reli yenyewe, halibebi makaa ya mtu wala viazi vya mtu, ukiifuta umelifukuza kazi! Na hiyo ZFV anayoililia ni alama za kompyuta zilizokuja miaka ya 70, behewa langu nimelirudisha miaka ya 50, na isitoshe hiyo Z inasema KILE KILE kilichokuwa kinasemwa na D! Amefuta D kwa mate halafu hapo hapo anadai Z!

Baba yangu alikuwa mtu wa gengi la kutengeneza njia ya reli, Korogwe mpaka Mombo, sururu begani na mtaimbo mkononi. Watu wote hukimbilia kupiga picha injini. Behewa la kokoto hakuna anayeligeukia shingo, na bila kokoto hiyo injini yenu inaenda wapi? Ile D niliiandika namuwaza yeye. Herufi moja dakika arobaini. Ikaondoka kwa ulimi wa mtu.

Alilamba. Naomba mniambie, nyumbani kwenu mtu akilamba kidole akafuta kitu chako, mnamfanya nini?

kokoto_baridi:
Natandika mkeka hapa na kahawa na kashata. Swali la kwanza, kidole alikilamba chote au ncha?

mtoto_wa_gengi:
CHOTE. Mpaka kwenye kiungo.

bi_steshen:
Mimi nilikuwepo na naomba hadithi isiletwe nusu. Umesahau kusema ulipiga yowe mpaka mzee wa Kizungu wa kule kwenye chai akatoka na kisanduku cha huduma ya kwanza akidhani mtu kakatwa mguu na treni.

mtoto_wa_gengi:
Bora ningekatwa mguu dada yangu.

chuma_cha_mjerumani:
Mkuu pole, lakini ni herufi MOJA? Kwa kichwa cha uzi nilidhani kafuta jina kwenye kaburi la mtu 😂😂

Kamau_wa_Makongeni:
Wueh. Ati alilamba. Huyo jamaa najua hata bila kuambiwa, mwaka jana alinishikia kamera yangu na mikono ya kuku wa kukaanga.

relini_leeds:
Sasa mimi ntasema ukweli mnipige mawe. Kuhusu njano jamaa hajakosea sana. Mabehewa ya kokoto niliyoyaona nilipofika huku yalikuwa nusu njano nusu kijivu, yote.

mtoto_wa_gengi:
Ulifika mwaka gani?

relini_leeds:
1991

mtoto_wa_gengi:
EEH NDIYO! Njano na kijivu ni miaka ya 80 kuja juu, mpaka wenyewe waliiita Dutch kwa sababu ilifanana na treni za Uholanzi! Kabla yake kulikuwa na kijani cha zeituni, na nyuma zaidi nyeusi, na mengine mekundu. Wewe umefika mwisho wa sherehe unasema harusi nzima ilikuwa ya kufagia ukumbi. Tena hata lingekuwa la njano, la kijani, la maua maua, ruhusa ya KULAMBA KIDOLE imetoka wapi?

mpemba_wa_cardiff:
Ngoja kwanza. Dogfish ni samaki si ndiyo? Behewa linaitwaje samaki?

kokoto_baridi:
Yote ya kazi za reli kule yana majina hivyo. Grampus, Walrus, Catfish, Mackerel, Sealion. Shark ndiyo behewa la breki lenye plau ya kusawazisha kokoto, linakaa mwisho wa msafara.

mpemba_wa_cardiff:
Hii ni reli au soko la Feri 🤣 walrus na sealion wenyewe si samaki hao, nani aliwapangia?

kokoto_baridi:
Ni za telegramu hizo. Badala ya kuandika "tuleteeni mabehewa sita ya kumwaga kokoto ya tani kadhaa yenye milango ya chini", unaandika Dogfish sita, basi. Neno moja, hela ya telegramu kidogo. Kampuni za zamani pia walifanya, Great Western behewa lao la breki waliliita Toad. Chura.

bi_steshen:
Kumbe tulisafiri masaa matatu kwenda kuangalia papa mdogo asiye na D.

mtoto_wa_gengi:
Nacheka na nani humu. Jamani ALILAMBA.

Kamau_wa_Makongeni:
Boss pole lakini sasa niache na mimi nitoe yangu kwa sababu imenikaa kifuani. Kuna hoteli moja sitaitaja, wamechora ukutani injini ya mvuke, Garratt ya class 59, wameandika vizuri kabisa 5918 Mount Gelai, halafu wameipaka KIJANI. Kijani! Injini yenyewe iko hapo museum ya Nairobi, unatembea tu unaenda unaona, ni maroon! Zilikuwa 34, kila moja na jina la mlima, zimetoka kiwanda cha Beyer Peacock 1955 na 1956, na hakuna hata moja ilikuwa rangi ya sukuma wiki!

chuma_cha_mjerumani:
Sukuma wiki 😂😂😂

relini_leeds:
Afadhali hiyo walau jina lipo. Class 60 ndiyo zilionewa, zilibandikwa majina ya magavana, baada ya uhuru vibao vikang'olewa, sasa kila anayechora anajipangia jina analotaka.

Kamau_wa_Makongeni:
Hizo magavana wacha zing'olewe, hiyo sitalilia. Milima usiguse.

mwana_pongwe:
Nyie mnalilia injini. Huku kwetu kuna mtu kanunua kiberenge cha zamani, cha wakaguzi wa njia, kile cha kukaa watu wanne na bendera nyekundu, kakipaka PINKI anauzia chipsi. Pinki na nyota. Namba ya ubavuni kaifunika kwa bango la bei ya mishkaki. Nilisimama pale nikashindwa kula. Nilikula baadaye.

mtoto_wa_gengi:
Hii imeniuma kweli mkuu. Namba yenyewe uliiona? Inaonekana chini ya bango?

mwana_pongwe:
Mbili za mwisho tu. Nilimwomba anisogezee bango akaniuliza nanunua au sinunui.

Kamau_wa_Makongeni:
Kiberenge ni nini?

mwana_pongwe:
Utani huo? Kile kigari cha relini cha mafundi.

Kamau_wa_Makongeni:
Hiyo ni troli.

mwana_pongwe:
Troli ni ya kubebea begi uwanja wa ndege. Kiberenge ni kiberenge.

chuma_cha_mjerumani:
Kwetu kiberenge ni kainjini kale kadogo, kale ka kuvuta mabehewa ya mkonge mashambani. Cha wakaguzi ni toroli.

mwana_pongwe:
Mkonge unanifundisha mimi mtu wa Tanga??

Kamau_wa_Makongeni:
Voi, Makindu, Nakuru kote uliza mzee yeyote wa reli. Troli. Kulikuwa na ya kusukumwa na ya injini, zote troli.

mpemba_wa_cardiff:
Sisi reli yetu ya Bububu waliing'oa zamani kwa hiyo nakaa pembeni nawaangalia tu mnavyopigana.

mtoto_wa_gengi:
Baba alisema kiberenge, na alimaanisha cha wakaguzi. Lakini jamani turudini kwenye D. Jumamosi ijayo naiandika upya, nataka kujua kama huyo mtu atakuwepo kwa sababu safari hii nazungushia kamba.

relini_leeds:
Alikuwa anasema kwenye basi kwamba atakuja na kopo la rangi akusaidie.

mtoto_wa_gengi:
Rangi gani?

relini_leeds:
Njano.

bi_steshen:
Kabla hamjaanza tena, kuna watu wanne humu hawajalipa pauni 15 za basi. Mmoja wao ameshaandika mara tatu kwenye huu uzi kuhusu maana ya kiberenge.

mwana_pongwe:
Mimi niko Tanga dada, basi gani?

bi_steshen:
Siyo wewe. Anajijua. Na sufuria langu la pilau lenye mfuniko wa bluu, aliyelibeba alirudishe, lina herufi zangu chini ya kitako.

chuma_cha_mjerumani:
Herufi bado zipo au zimeshalambwa?

Kamau_wa_Makongeni:
Bado ni troli.