Mimea ya muswada wa Voynich: tuanzie wapi kuitambua?

Mpenzi wa mitishamba, Lamu

Assalaamu alaikum. Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikizitazama picha za muswada wa Voynich, yaani kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono na chenye michoro ya mimea, uliohifadhiwa katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na ambao maandishi yake bado hayajafumbuliwa. Ukurasa wa 6, upande wa nyuma, una mmea wenye majani yaliyochanika kama vidole vya mkono na matunda ya mviringo yenye miba, nami nikasema papo hapo kwamba huu ni mbarika, kama ule ulioota nyuma ya nyumba yetu hapa Mkomani. Lakini kurasa nyingine zimenitia shaka, kwani mizizi yake ina sura za wanyama. Je, nitegemee sehemu gani ya picha?

Mwalimu mstaafu, Malindi

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Si wewe peke yako uliyeuona mbarika hapo, na mmea huo ulijulikana tangu kale katika nchi za Bahari ya Kati. Hata hivyo, usiharakishe. Mwaka 1944 Hugh O'Neill, mtaalamu wa mimea, alisema kuwa ameona humo alizeti na pilipili, mimea ya Amerika, na kwa hiyo muswada ni wa baada ya safari ya Columbus ya kwenda Amerika, mwaka 1492. Mwaka 2009 ngozi ya kurasa ilipimwa katika Chuo Kikuu cha Arizona, ikaonekana ni ya kati ya 1404 na 1438. Kweli, kilichopimwa ni ngozi wala si wino, lakini mimi alizeti hiyo siiamini tena.

Fundi wa nakshi, Lamu

Naomba niingie, ingawa kazi yangu ni patasi. Ua ninalolichonga kwenye mfaa wa mlango nililipokea kwa mwalimu wangu, naye alilipokea kwa wake. Ukiniuliza ni ua la mti gani, sina jibu. Mara nyingine petali huongezwa kwa sababu tu nafasi imebaki. Vitabu vya dawa vya Ulaya navyo vilinakiliwa hivyo hivyo, na michoro ya kitabu cha Dioscorides, tabibu wa karne ya kwanza, ilipita mikononi mwa wanakili kwa zaidi ya miaka elfu. Kwa hiyo ningeiacha rangi kwanza, maana katika muswada huu imepakwa ovyo hadi kuvuka mistari, nikafuata wino: majani yametoka kwenye shina yakikabiliana au kwa kupishana? Mizizi ningeiweka mwisho kabisa.

Mpenzi wa mitishamba, Lamu

Shukrani, mwalimu na fundi. Jana usiku niliurudia ukurasa wa 2, upande wa nyuma, nikaziba rangi akilini. Limebaki jani moja pana, la mviringo, lenye mkato pale linapokutana na kikonyo, na hilo nathubutu kuliita yungiyungi. Mbarika wangu nimeuandikia alama ya kuuliza.