MJADALA: Kampeni ya kupinga bomba la Hoima–Tanga imemsaidia mwananchi au imemkomoa?

Kabwela wa Tanga: Tuulizane bila matusi. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio dhidi ya bomba letu la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani. Makundi ya Ufaransa, Uganda na hapa kwetu yamezifuata benki na kampuni za bima moja moja zisiuguse mradi. Bomba likaendelea kujengwa. Mtu wa Muleba au Nzega amepata nini katika kelele hizo?

Mzalendo Halisi: Sifuri. Mabeberu waliamuru mradi usimame, wakibebewa mabango na wala posho wetu wa semina. Wao wamechimba Bahari ya Kaskazini miaka yote, sisi tubaki na vibatari.

Hesabu Kwanza: Hawakuamuru, mkuu. Azimio lile halina nguvu ya sheria. Liliitaka TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa yenye hisa nyingi zaidi mradini, ichukue mwaka mmoja kuangalia njia nyingine. Penye maumivu ni benki. Mpango ulikuwa mkopo asilimia 60, mtaji wa wanahisa 40. Benki zikijitoa, pengo linazibwa na wanahisa, na TPDC, shirika letu la mafuta la serikali, ina asilimia 15 ya hisa. Chukua mradi wa dola bilioni 5: mtaji ukipanda kutoka asilimia 40 hadi 50, mchango wa TPDC unatoka dola milioni 300 hadi 375. Hiyo milioni 75 haitoki Paris.

Wakili wa Kijiji: Nani mla posho? Posho za mkuza ule, yaani ukanda wa ardhi linamopita bomba, zimo kwenye Kanuni za fidia za 2001, na wanaozidai ni wakulima. Posho ya usumbufu: thamani ya ardhi mara riba ya wastani ya amana za miezi 12 benki. Posho ya makazi: kodi ya pango kwa bei ya soko mara miezi 36. Usafiri: gharama ya kuhamisha tani 12 ndani ya kilomita 20.

Mzalendo Halisi: Tani 12! Mwenye kitanda, jiko la mkaa na mbuzi wawili anahamisha tani 12? Ndiyo maana miradi inapanda bei.

Mama Mkonge: Kaka, hicho ni kipimo cha kukokotolea, hakuna anayepima kitanda kwenye mzani. Na ardhi ikiwa haikaliwi, usafiri, makazi na faida iliyopotea havilipwi kabisa. Bomba likikata shamba wakati nyumba iko kijiji kingine, mtu analipwa ardhi, mazao na usumbufu, basi.

Hesabu Kwanza: Jamani, swali lilikuwa kampeni.

Wakili wa Kijiji: Hapo hapo ndipo ilipo. Uthamini wetu wa nyumba hupunguza uchakavu: ukuta wa udongo wa miaka 20 unabaki na thamani ya kununulia mabati machache. Viwango vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, vinataka gharama kamili ya kujenga upya, bila kukata uchakavu, na mtu apewe hiari ya nyumba badala ya fedha. Mradi ulivikubali kwa sababu ulitaka mikopo ya benki zinazovidai. Kelele za kimataifa zimeingia kijijini kwa mlango huo.

Mzalendo Halisi: Mbona Arusha mlitupwa nje, kama mna hoja nzito hivyo?

Wakili wa Kijiji: Kwa muda, si kwa hoja. Kesi ilifunguliwa Mahakama ya Afrika Mashariki Novemba 2020, ikatupwa Novemba 2023. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu tangu jambo litokee, na majaji walihesabu kuanzia 2017. Madhara hayakujadiliwa.

Hesabu Kwanza: Basi wakili umejifunga mwenyewe. Kama benki ndizo zilizoleta viwango, kuzifukuza ni kumfukuza mkaguzi. Benki isiyofungwa na viwango hivyo ikichukua nafasi, nani atauliza habari za uchakavu wa ukuta?

Mzalendo Halisi: Mimi bado niko kwenye tani 12.

Mama Mkonge: Baki nazo. Watu walikatazwa kupanda mazao ya kudumu baada ya tarehe ya ukomo, yaani siku ya mwisho ya kuhesabu mali za kulipwa, 2018 wengine, malipo yakaja 2021 na kuendelea. Sheria inasema ikipita miezi sita bila malipo, fidia inaongezewa riba. Mwenye karatasi ya malipo aangalie kama riba imeandikwa kwenye mstari wake au imemezwa ndani ya jumla. Ikiwa imemezwa, aombe mchanganuo kwa maandishi kupitia ofisi ya kijiji, abaki na nakala yenye mhuri.

Mzalendo Halisi: Na huyo wa kuandika barua naye atalipwa posho?