Mrejesho: Mac mini nimeichukua

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama mtu aliyezoea Windows anunue Mac mini, ile kompyuta ndogo ya mezani ya Apple, yenye chipu ya M4 (ram GB 16, diski GB 256) au aikarabati desktop yake ya zamani. Wengi mlisema nichukue. Nimechukua.

Ile bei ya dola 599 iliyotoka nayo mwaka 2024 ilikuwa ya kiboksi chenyewe tu, hakuna kioo, kibodi wala mausi. Mimi nilikuwa navyo, ndiyo maana imenilipa; anayeanza sifuri apige hesabu upya. Matundu ya USB ni ya USB-C yote (yale madogo), USB za kawaida haziingii, kwa hiyo siku hiyohiyo nilirudi dukani kufuata adapta. Na kitufe cha kuwashia kiko chini ya tumbo, sijui nani aliona ni sawa!

Kilichonitesa ni diski yangu ya nje ya NTFS (mfumo wa diski wa Windows): kwenye Mac inasomeka, haiandikiki. Ikabidi nihamishe mafaili yote niifomati upya kwa exFAT, mfumo unaokubali Windows na Mac. Vidole navyo wiki nzima vinatafuta Ctrl, wakati kwenye Mac kazi nyingi za Ctrl zinafanywa na Command.

Ila kwenye kuhariri video za harusi, jamani, kimya kabisa na haichemki. GB 256 zimeshaanza kubana. Programu ya mahesabu ya duka inakubali Windows tu, kwa hiyo desktop ya zamani bado iko mezani, siiuzi.